Mwalimu Edah, Aliyetuita Majina Ufuoni

Wasifu wa marehemu Mwalimu Edah Nasambu Wekoye, 1952–2005
Unasomwa na mdogo wake, Perpetua, kwa niaba ya familia. Matulo, Jumamosi, tarehe 7 Januari 2006.

Padre, wazee wetu, walimu wa Kitale, majirani wa Matulo, na watu wetu wa Malakisi mlioamka alfajiri kuja kumsindikiza: familia inawashukuru. Wengi wenu aliwafundisha kushika penseli, kwa hiyo hamna haja ya kuambiwa alikuwa nani. Lakini desturi ni desturi, na yeye mwenyewe angetaka mambo yaende kwa utaratibu.

Mwalimu Edah alizaliwa Malakisi, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1952, mtoto wa tatu wa Mzee Wabwile na Mama Tabitha, ambao wote wametutangulia. Mzee alikuwa mkulima wa tumbaku, na nyumba yetu ilinuka tumbaku mpaka kwenye mito ya kulalia. Ilikuwa pia nyumba ya malaria. Mvua ikianza tu, mmoja analala, mwingine anaamka, na Mama anachemsha mwarobaini kwenye sufuria ile ile. Hakuna aliyeshtuka. Kwetu malaria ilikuwa kama shangazi: inakuja, inapewa mahali pa kulala, siku ya tatu inakwenda zake. Kitu tulichokiogopa kilikuwa maji. Mwaka wa 1961, watoto wa boma walikuwa wakivuka mto Malakisi kurudisha ng'ombe, na mdogo wetu Situma, aliyekuwa na miaka sita, akachukuliwa na maji. Kilichomuuma Edah maisha yake yote si kwamba alichukuliwa. Ni kwamba walivuka wote, wakapanda kilima wakiimba, wakafika nyumbani, na hakuna aliyejua kuwa mmoja hayupo mpaka Mama alipouliza. Tangu siku hiyo Edah hakuingia tena kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu, ila mara moja tu, na hakuondoka mahali popote na watoto kabla hajaita jina la kila mmoja.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1960 katika shule ya misheni pale Malakisi, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1966, na akasoma sekondari ya bweni mpaka mwaka wa 1970. Kisha akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1972. Wenzake wa chuo wanakumbuka siku mkaguzi alipokuja kumtazama akifundisha. Mkaguzi alichelewa, akaingia darasani na mkoba wake katikati ya kuita majina. Edah hakumjua, au alijifanya hamjui. Akamwambia, "Wewe simama nyuma ya mstari, jina lako bado." Mkaguzi akasimama. Na alama akampa nzuri, jamani.

Januari 1973 alipangiwa shule ya msingi pembeni mwa mji wa Kitale, na hapo ndipo alipofundisha hadi mwisho, darasa la kwanza, miaka thelathini na mitatu. Mara mbili walitaka kumpandisha awe naibu wa mwalimu mkuu, akakataa. Alisema wakubwa wanajua kulia wakiumia, wadogo ndio wa kuangaliwa. Kila asubuhi aliwapanga watoto kutoka mfupi hadi mrefu, akaita majina bila kutazama popote, na kila mtoto ajibu kwa sauti, "Nipo, Mwalimu!" Ukijibu kwa sauti ya chini alikuja akakuwekea mkono kwenye paji la uso. "Huyu ana homa. Aitwe mama yake." Wako watu wazima hapa leo wanaopumua kwa sababu ya mkono ule. Mzazi akileta ubishi, ati mtoto anadeka tu, alikuwa akimwambia, "Wewe mpeleke, halafu uje uniambie nilikosea." Hakukosea mara nyingi.

Alikutana na Kizito Wekoye, mzaliwa wa hapa Matulo, langoni mwa shule. Kizito alikuwa dereva wa lori la mbegu, naye alikuwa ameliingiza hadi langoni huku watoto wakitoka. Mwalimu akasimama mbele ya lori, kimo chake kile mnachokijua, akasema, "Kijana, rudisha hiyo gari nyuma. Watoto wanavuka." Kizito akarudisha. Mpaka wiki tatu zilizopita alikuwa akitwambia kwamba tangu siku ile hajawahi kumkatalia mke wake neno, na sote tulikuwa tukicheka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974. Mungu aliwajalia watoto watatu: Roselyne, Wabwile, na kitindamimba wao Khaemba. Roselyne aliolewa na Ngari, na Wabwile akamwoa Chepkemei. Wajukuu ni Mwihaki wa Roselyne, na Edah mdogo wa Wabwile, ambaye alipewa jina la kukhu wake, yaani bibi yake, na ukali wake pia.

Mwaka wa 2001 Roselyne na Ngari walihamia Mombasa kikazi, wakapanga nyumba Kisauni. Ndipo familia ikaanza kwenda pwani kila Desemba shule zikifungwa. Watu walimuuliza Mwalimu, wewe unayeogopa hata karai, bahari utaiweza? Akajibu, "Wao wataenda, niende nisiende. Heri niende."

Na alikwenda kama mtu anayekwenda kazini. Maji ya kunywa yalichemshwa nyumbani, yakabebwa kwenye mtungi hadi ufuoni, na ole wake mtoto atakayeonekana na barafu ya rangi ya kununua. Aliyekula hakuingia majini mpaka chakula kishuke. Jua likiwa utosini kila mtu alikaa kivulini na shati mwilini, hata Ngari, mtu mzima na ndevu zake. Patipati zilivaliwa mpaka ndani ya maji kwa sababu ya miiba ya baharini. Mfuko wake ulikuwa na sukari na chumvi za kumchanganyia atakayeharisha, na kitambaa safi cha kidonda. Hakuna aliyepita mahali ambapo maji yalimfika Kizito kiunoni. Maskini Kizito alisimamishwa pale kama mlingoti, siku nzima, kuwa mpaka. Na yeye Mwalimu alikaa mchangani, leso kichwani, miguu pamoja, macho kwa watu wake. Kila baada ya kitambo kidogo alisimama akaita majina, mfupi hadi mrefu: Edah mdogo, Mwihaki, Khaemba, Chepkemei, Roselyne, Wabwile, Ngari, na Kizito kwa jina la Baba Rose. Na ndani ya bahari kila mmoja ajibu, "Nipo, Mwalimu!" Watalii waligeuza shingo. Khaemba, alipofika umri wa kuona aibu, alijaribu siku moja kunyamaza. Mama yake aliingia majini na nguo zake. Maji yalimfika gotini. Khaemba hakurudia tena.

Desemba 2003, kijana mmoja aliyekuwa akiuza madafu, jina lake Salman, alimjia akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, maji yapwa saa hizi, na hapo mkondo wavuta. Waambie watoto warudi upande huu." Akawaita, wakarudi. Mwalimu akamtazama Salman kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe unaitwa nani?"

"Salman, Mwalimu."

"Salman, kuanzia leo uko darasa langu. Simama mwisho wa mstari."

Basi kila Desemba jina la mwisho kuitwa lilikuwa la Salman, naye akiwa na madafu yake begani alijibu kutoka upande wa pili wa ufuo, "Nipo, Mwalimu!"

Safari ya mwisho ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 2005. Kabla ya kutoka Kitale alinunua vidonge vya kuzuia malaria kwenye duka la dawa na akahakikisha kila mmoja amemeza mbele yake, mdomo wazi, ulimi juu. "Nyinyi ni watoto wa baridi," aliwaambia. "Damu yenu haijui malaria." Yeye hakumeza. Kule Kisauni Khaemba alikuwa amekuwa mkubwa, hatoshi tena kulala na Mwihaki, ikaonekana chandarua kimoja kimepungua. Mwalimu akampa Khaemba cha kwake, akatandika godoro mlangoni. Alisema anataka kuulinda mlango, mtoto asije akatoka kwenda baharini usingizini. Bahari yenyewe kutoka pale ni mwendo wa kuchoka njiani! Roselyne alisema atatafuta chandarua kingine kesho. Kesho ikawa na mambo yake. Hata Salman alimwona mikono ilivyoumwa na mbu, akamwuliza, "Na wewe Mwalimu, chandarua unacho?" Akacheka sana. "Mimi ni wa Malakisi, bana. Mimi na malaria tulikaa dawati moja."

Tulicheka wote. Hata simu ilipopigwa tukasimuliwa, sisi wa Malakisi tulicheka, kwa sababu ni maneno tunayoyasema sote. Mtu wa kwetu Bungoma ukimwambia malaria anakutazama kama umemwambia mafua.

Walirudi Kitale Jumatatu tarehe 19, wazima wote, hakuna aliyeharisha, hakuna aliyechomwa na jua, hakuna aliyezama. Mwalimu aliwapanga sebuleni akaita majina mara ya mwisho ya safari, akasema, "Asante Mungu. Mwaka umeisha vizuri."

Ijumaa tarehe 23 alisema viungo vinamuuma. Uchovu wa basi, akasema. Kizito akasema twende hospitali, naye akamjibu, "Baba Rose, usinifanye mgonjwa. Krismasi iko mlangoni." Jumamosi wakaja hapa Matulo kama kawaida ya kila mwaka. Siku ya Krismasi alikuwa jikoni na wanawake wenzake wa boma, ananyonyoa kuku, na sweta amevaa saa sita mchana. Wakamtania. "Nasambu, umeshikwa?" Wakampa Panadol na chai ya tangawizi. Malaria ya kawaida, lala, kesho utakuwa sawa. Na wala hawakumtakia mabaya. Kila mmoja wao ameugua malaria mara ngapi jikoni mle mle, akalala, akaamka, akaendelea kusonga ugali.

Kizito alikuja mlangoni mwa jiko mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Si twende Webuye tu, wakupime?" Akaambiwa leo sikukuu, nani atakuwa kazini. Mara ya pili alisimama tu, kofia mkononi. Hakujua maneno ya kumwamrisha. Tangu lile lori langoni, mwenye kuamrisha alikuwa mmoja, na alikuwa ameketi pale na kuku mapajani.

Jumatatu asubuhi akaamka na nafuu. Alikunywa uji, akauliza wajukuu wameoga, akacheka na watu. Kizito alifurahi kama mtoto, akaenda kumtafutia ndizi mbivu sokoni. Aliporudi nazo mchana, mkewe hakuweza kukaa. Jumanne asubuhi macho yalikuwa ya manjano na mkojo umekuwa mweusi, rangi ya chai ya rangi iliyolala. Jirani alitoa pikapu. Webuye wakamtazama wakasema apelekwe Bungoma mara moja, na Bungoma wakampokea vizuri, wakamtundikia dawa, wakafanya kila walichoweza. Familia haina lawama kwa mtu.

Daktari alimwuliza Kizito, "Mama anaishi wapi?"

"Kitale."

"Tangu lini?"

"Tangu sabini na tatu."

Daktari akatazama chupa ya dawa. Akaeleza polepole kwamba mwili unaoumwa na mbu kila mwaka hujifunza kupigana na ugonjwa huu, na ukikaa mahali pa baridi miaka mingi, husahau.

"Lakini daktari," Kizito akasema, "huyu ni wa Malakisi." Alisema kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari. "Malaria haiwezi hii mtu. Ni wa Malakisi."

"Alikuwa wa Malakisi, mzee," daktari akamwambia. "Damu imesahau."

Siku mbili Kizito alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda. Aliuliza kama anaweza kutoa damu, wakamwambia yake haipatani na ya mkewe. Aliuliza kama amnyweshe maji, wakamwambia maji yanapita kwenye mshipa. Aliuliza kama amkande miguu, wakasema mkande, na akakanda mpaka muuguzi akamwambia mzee, pumzika. Mtu aliyeendesha lori milima yote ya nchi hii hakuwa na kitu cha kushika isipokuwa miguu ya mkewe. Roselyne na Ngari walifika kutoka Mombasa Jumatano. Wabwile alikuwapo. Walisimama kuzunguka kitanda wakitazama tone likishuka, kisha jingine.

Alhamisi, tarehe 29 Desemba, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alifungua macho, akaanza kuita majina. Sauti ilikuwa ndogo lakini mpangilio ulikuwa ule ule. "Edah mdogo." Mtoto alikuwa Matulo. Kizito akatazama huku na huku, kisha akajibu kwa sauti nyembamba, "Nipo, Mwalimu." "Mwihaki." Kizito akajibu tena. Akajibia Khaemba, akajibia Chepkemei. Roselyne na Wabwile walijijibia kama walivyoweza, Ngari akajibu huku amegeukia ukuta, na Kizito akajijibia mwenyewe. Alipofika kwa Salman, Kizito akajibu kwa sauti kubwa, kama ya mtu aliye upande wa pili wa ufuo, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kutazama. Tungesema hapo alitulia, lakini hakutulia.

"Kuna mtu amebaki majini," akasema.

"Hakuna, Mama Rose. Wametoka wote."

"Kuna mmoja. Angalia vizuri, Baba Rose. Mwite."

Kizito alisimama. Aliangalia mlangoni, aliangalia dirishani, akainama, Mungu wangu, akaangalia hata chini ya kitanda. Hakujua amwite nani. Alirudi akamshika mkono, akasema, "Nitamwita. Niambie tu ni nani." Hakuambiwa. Mwalimu Edah alituacha siku hiyo saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Sisi ndugu zake tuliposimuliwa, tulisema ni Situma aliyekuwa akimtafuta, yule mdogo wetu wa mtoni. Kizito hakubisha. Lakini Jumapili iliyopita tulipokaa hapa uani kupanga maneno haya, tulimwomba atutajie wanaobaki ili waandikwe. Akawataja kwa mpangilio aliouzoea, mfupi hadi mrefu, hadi Salman, akaishia hapo mdomo wazi. Ndipo aliposema, "Aliyebaki majini ni yeye mwenyewe, Mama Rose. Hakuwa anajiita. Miaka yote hiyo anatuita sisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwita yeye." Akajifunika uso kwa kofia.

Kwa hiyo familia imeomba wanaobaki wasomwe kama yeye alivyowasoma. Kila mmoja ajibu kwa sauti, ili asiwe na wasiwasi. Kaka na dada zake wa Malakisi, sisi tutajibu pamoja, na wanafunzi wake mliojaa hapa mtajibu pamoja pia. Salman hakuweza kufika. Alipiga simu jana kutoka ufuoni, akaomba mtu amjibie, na Kizito amesema atamjibia yeye.

Edah mdogo.

Mwihaki.

Khaemba.

Chepkemei.

Roselyne.

Wabwile.

Ngari.

Baba Rose.

Ndugu zake wa Malakisi.

Watoto wake wote wa darasa la kwanza.

Salman.

Na Kizito ameomba jina moja liongezwe mwisho. Atalisema mwenyewe, na likiitwa tunaomba tunyamaze.

Edah Nasambu.

Pumzika, Mwalimu, kwa amani ya Mungu. Sisi tupo.